Kuchangisha mtaji wa biashara ndogo kwa simu na mtandao: ahadi kwanza, tangazo baadaye

Karanga za Kongwa (mleta uzi)

Habari zenu ndugu zangu. Ninasindika siagi ya karanga hapa Kongwa, mkoani Dodoma. Kwa miaka minne nilikuwa nikisaga kwa mashine ya kukodi, nikilipia kila kilo na kusubiri zamu yangu hadi usiku. Mwaka jana nilichangisha fedha za kununua mashine yangu mwenyewe, kwa simu na mitandao ya kijamii, na nikazipata. Kabla ya hapo nilikuwa nimejaribu mara moja nikashindwa vibaya. Naandika uzi huu kueleza tofauti ya majaribio hayo mawili, kwa sababu naona wenzangu wengi wakirudia kosa langu la kwanza, kisha wanahitimisha kwamba watu wetu hawachangii biashara.

Mara ya kwanza niliandika ujumbe mmoja mrefu, nikauweka kwenye makundi manane ya WhatsApp pamoja na picha ya chupa na namba yangu ya simu, nikaomba shilingi 8,000,000. Baada ya wiki tatu nilikuwa nimepokea shilingi 412,000 kutoka kwa watu 19, na kati yao 14 walikuwa ndugu zangu wa damu au wanakikoba wenzangu. Waliobaki kwenye makundi hayo walinitakia heri. Sikuelewa nilikosea wapi, maana ujumbe ulikuwa mzuri na bidhaa yangu wanaifahamu.

Jibu nililipata kwenye kikao cha kamati ya harusi ya mpwa wangu. Nimekaa kwenye kamati hizo tangu ujana, lakini siku hiyo niliitazama kwa jicho jingine. Kikao cha kwanza hakitangazi chochote kwa watu wa nje. Mwenyekiti anapitisha karatasi, kila aliyehudhuria anaandika ahadi yake, mweka hazina anajumlisha pale pale, na bajeti inapangwa kwa kuangalia jumla hiyo. Kadi za mchango zinapoanza kusambazwa, tayari kuna kiasi mkononi na kiasi kingine kwenye ahadi, na yupo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kupiga simu na kusema kwa adabu, "Shemeji, tunaomba upunguze ahadi yako," yaani alipe sehemu yake. Anayepokea kadi anajua kwamba wenzake wamekwisha kutoa na kwamba harusi itakuwepo, atoe asitoe. Ufundi huu tunao wote, na sijui kwa nini tunapofika kwenye biashara tunaanza na kadi kabla ya kikao.

Hata hivyo kuna tofauti moja ambayo lazima ikubalike mapema. Anayechangia harusi anakula pilau, na kesho naye ataozesha mtoto wake, kwa hiyo mchango wake ni deni linalozunguka kati ya nyumba na nyumba. Anayechangia mashine yangu harudishiwi kitu na utaratibu huo. Kwa hiyo niliamua kwamba kila atakayetoa fedha atapata siagi yenyewe ya bei inayolingana na alichotoa, na kwamba nitasema waziwazi kuwa hii ni kununua kabla bidhaa haijatengenezwa. Neno "msaada" nililifuta kabisa katika maelezo yangu.

Halafu nikanunua daftari. Kwa wiki sita, kabla ya mtu yeyote kusikia tangazo, niliandika majina 136 ya watu waliowahi kula siagi yangu au kuniuzia karanga, walimu wa shule jirani, na wenye maduka. Kila jioni nilipiga simu kwa watu wachache. Sikuomba fedha. Niliuliza iwapo wangenunua, wangechukua chupa ngapi, na ni jambo gani linawatia shaka. Watu 58 waliahidi jumla ya shilingi 1,310,000, lakini faida kubwa zaidi ya simu zile ilikuwa ni majibu ya lile swali la mwisho. Nilidhani wataniuliza kuhusu bei. Wengi waliniuliza kuhusu sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye karanga.

Ndipo nikarekodi video ya dakika mbili isiyo na muziki wala maneno mengi. Inaonyesha karanga zimemwagwa kwenye turubai, na mikono ya wanawake watatu inapita juu yake, ikitoa moja baada ya nyingine zilizosinyaa, zilizopasuka ngozi, na zile zenye unga wa kijani kwenye kitovu. Mwishoni kamera inaangalia ndani ya ndoo ya zilizokataliwa, ambazo hatuzisagi wala hatuwapi kuku. Video hiyo ilinifanyia kazi kuliko maandishi yote, kwa kuwa ilijibu swali ambalo watu walikuwa nalo kweli.

Siku mbili za kwanza za kampeni, watu 46 kati ya wale 58 walitimiza ahadi, na jumla ikawa shilingi 1,040,000, karibu robo ya lengo langu jipya la shilingi 4,400,000, ambalo hesabu yake ipo hapo chini. Hapo ndipo nilipoweka tangazo kwenye makundi. Wenye jukwaa la Kickstarter la Marekani, ambako watu huchangisha fedha za miradi mtandaoni, wamewahi kueleza kuhusu takwimu zao kwamba, ingawa miradi mingi inayofunguliwa pale haifikii lengo, ile iliyokwisha kuvuka asilimia 20 hufika kwa takribani minane kati ya kila kumi. Naamini sababu ni ile ile ya kamati ya harusi, kwamba mgeni haingii kwenye ukumbi mtupu.

Sasa niseme kuhusu hesabu, maana hapa ndipo ningeweza kujifilisi hata baada ya kufanikiwa. Chupa moja ya gramu 400 ilinigharimu shilingi 3,400: karanga 1,900, chupa na kifuniko chake 900, lebo 150, gesi na malipo ya wasaidizi 450. Kwa mchango wa shilingi 20,000 nilikuwa nimepanga kumpa mtu chupa mbili, yaani gharama ya 6,800 kabla hazijatoka mlangoni. Boksi na karatasi za kuzuia chupa zisigongane ni 700, na kifurushi kwenye basi ni 5,000. Jumla inakuwa 12,500. Katika kila shilingi 20,000, kilichobaki kwa ajili ya mashine ni 7,500, na hapo makato ya simu bado sijayatoa. Mashine iliuzwa shilingi 2,600,000. Kwa hesabu hiyo nilihitaji wachangiaji 347 na makusanyo ya karibu milioni saba, ili ninunue kitu cha milioni mbili na laki sita.

Nilikaa na karatasi hiyo usiku mzima. Kilichoniokoa ni kuacha kumtumia kila mtu kifurushi chake. Nilitafuta ndugu na wateja wenye maduka Dar es Salaam, Morogoro, Arusha na Mwanza wakubali kuwa vituo, nikawa natuma katoni moja yenye chupa 24 kwa watu 12, kwa nauli ya shilingi 12,000. Usafiri ukashuka kutoka 5,000 hadi 1,000 kwa mtu, ufungaji ukawa 300, na gharama yote ikawa 8,100. Zikabaki 11,900 za mashine, idadi ya wachangiaji ikashuka hadi 219, na lengo likawa shilingi 4,400,000 kwa siku 30. Tulimaliza na shilingi 4,715,000 kutoka kwa watu 231.

Nimeandika mengi, karibuni kwa maswali.

Harambee wa Nakuru

Shukrani sana dada kwa kuandika kwa tarakimu, kwa maana kampeni nyingi huelezwa kwa hisia tu. Nitaongeza ya upande wetu wa Kenya. Harambee kwetu ni neno la taifa tangu Mzee Jomo Kenyatta alipolifanya mwito wake mwaka wa 1963, na M-Pesa ilipokuja mwaka wa 2007 mkoba wa kuchangia ukahamia kwenye simu. Mwaka wa 2011, wakati wa njaa ya kaskazini, kampeni ya Kenyans for Kenya ilianza na lengo la shilingi milioni 500 na ikalipita, huku watu wa kawaida wakituma kiasi kidogo kidogo kwa simu. Tangu mwaka wa 2012 tuna jukwaa la M-Changa ambalo limejengwa juu ya pesa za simu, na mchangiaji huona jumla ikipanda.

Lakini nimekuwa mweka hazina wa michango mitatu, miwili ya hospitali na mmoja wa biashara ya maziwa ya binamu yangu, na nimeona kwa macho yangu kwamba watu ni wawili tofauti. Kwa bili ya hospitali hakuna aliyeniuliza swali. Kwa maziwa niliulizwa ni nani atafaidika, ng'ombe ni wa nani, na kwa nini asiende kwenye sacco. Kwa hivyo nakubaliana nawe kwamba neno msaada halifai kwenye biashara. Ningependa kujua jambo moja: ungeshindwa kufika 4,400,000, zile pesa ulizokwisha kupokea zingeenda wapi?

Karanga za Kongwa

Asante kaka, swali hili niliulizwa na watu wengi kwenye simu, na nililijibu kabla ya kupokea shilingi ya kwanza. Kwenye majukwaa kama Kickstarter, utaratibu ni kwamba lengo lisipofikiwa hakuna anayekatwa fedha. Mimi sikuwa na jukwaa la namna hiyo, kwa hiyo niliiga utaratibu huo kwa mikono. Fedha zote zilipitia Lipa Namba ya biashara, si simu yangu binafsi, na kila Ijumaa zilihamishiwa kwenye akaunti ya benki yenye watia saini wawili, yaani mimi na mweka hazina wa kikoba chetu, mama ambaye mtaa mzima unamjua kwa ukali wake wa hesabu. Niliandika kwamba siku ya thelathini ikifika chini ya lengo, kila mtu anarudishiwa fedha yake kamili na makato ya kutuma nitayabeba mimi. Nilitenga shilingi 150,000 zangu kwa ajili hiyo. Mama yule alitoa namba yake ya simu kwa hiari, na watu kumi na mmoja walimpigia.

Kila Ijumaa hiyo hiyo ndipo nilipotuma taarifa: waliolipa ni wangapi, jumla ni kiasi gani, zimebaki siku ngapi. Kuanzia siku ya tisa hadi ya ishirini fedha zilikaribia kukauka, na nilishawishika kunyamaza kwa aibu. Sikunyamaza. Niliandika kwamba wiki hii wamelipa watu saba tu, na nikaweka picha ya fundi akichomelea fremu ya mashine. Kisha nikarudi kwenye daftari kuwapigia wale 12 walioahidi na hawajalipa. Tisa walilipa.

Mtoto wa Tanga, Muscat

Assalaam alaikum dada yangu, na hongera kwa kazi. Nachangia kama mtu aliye upande wa pili wa simu. Sisi tulio huku Oman tunapokea maombi ya namna hii mengi sana kutoka nyumbani, na wengi wetu tumeacha kuyafungua. Miaka mitatu iliyopita nilitoa fedha kwa mradi wa kuku wa mayai wa kijana tunayefahamiana. Nilitumiwa picha za banda likijengwa, baadaye picha za vifaranga, halafu zikakoma. Sikuhitaji nirudishiwe kitu, lakini kule kukoma kulinifunga mkono kwa waliomfuata, na huenda miongoni mwao walikuwemo waaminifu kama wewe.

Jambo la pili ni ada. Katika duka la kubadilisha fedha ninalotumia, ada ya kutuma ni ile ile nitume kidogo au kingi, kwa hiyo mchango wa shilingi 20,000 hauna maana kwangu ukiuangalia kwa makato. Je, watu wa nje uliwapanga vipi, na siagi yao walipelekewa wapi?

Karanga za Kongwa

Waalaikum salaam kaka, na pole kwa yaliyokupata. Watu wa nje nilikuwa nao 17, na nilikosea mwanzoni kwa kuwafanya kama watu wa hapa. Aliyenirekebisha ni binti mmoja aliyeko huko huko Ghuba. Aliwakusanya wenzake wanane, wakachanga kwake, akatuma mara moja, na akanipa orodha ya majina. Siagi yao haikuvuka bahari. Kila mmoja alitaja mtu wa nyumbani wa kumpelekea, mama, bibi, au mtoto aliyeko shule ya bweni, na nikaandika kwenye boksi jina la aliyetuma. Mama mmoja wa Korogwe alinipigia kunieleza kwamba mwanawe amemtumia chakula kutoka mbali. Baada ya hapo mwanawe aliagiza mara mbili zaidi, kwa bei ya kawaida.

Kuhusu ushahidi, kabla ya kampeni niliomba bei iliyoandikwa kutoka kwa fundi, yenye muhuri na tarehe, nikaiweka mbele ya kila mtu ikiwa na shilingi 2,600,000 yake. Mtu wa mbali anataka kuona kwamba kiasi unachoomba kimetoka mahali fulani. Ile 8,000,000 yangu ya mwanzo haikuwa imetoka popote.

Fundi Gereji, Mbeya

Heshima kwenu wote. Nina gereji ndogo na nataka kununua mashine ya kupima umeme wa magari. Sina bidhaa ya kuwapa watu mapema. Nimefikiria nitangaze kwamba anayechangia laki tano anapata asilimia 2 ya gereji na gawio kila mwaka. Nimekwisha kuandaa tangazo. Mnaonaje?

Mhasibu wa Arusha

Ndugu yangu fundi, nakuomba tangazo hilo usilitoe. Ukimwahidi mtu wa kawaida sehemu ya umiliki na gawio, umeingia kwenye biashara ya hisa, na hapo kuna Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya mwaka 1994 na mamlaka yake ya usimamizi, CMSA. Hata ukiwa umesajili kampuni binafsi, Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 hairuhusu kampuni ya namna hiyo kualika umma kununua hisa zake, na wanahisa wake hawatakiwi kuzidi 50. Kenya wametunga kanuni mahsusi za uchangishaji wa uwekezaji mwaka 2022 chini ya mamlaka yao ya masoko ya mitaji, zenye kikomo cha kiasi ambacho biashara inaweza kukusanya na sharti kwamba jukwaa liwe na leseni. Kundi la WhatsApp si jukwaa lenye leseni, huku wala kule.

Mkopo wa watu wengi nao upo, na wengi wanaufahamu kupitia Kiva, iliyoanza mwaka 2005 kwa kuwakopesha wajasiriamali saba wa Tororo, Uganda, jumla ya dola 3,500. Mtu aliye ng'ambo anaweza kukopesha hata dola 25 na hapati riba. Lakini soma kwa makini upande wako wewe mkopaji, kwa sababu mara nyingi fedha hupitia taasisi ya mikopo ya nchini, na taasisi hiyo hukutoza riba yake ya kawaida kwa gharama zake.

Nikuulize swali la kikazi. Je, huna wateja wa kudumu, madereva wa daladala, bodaboda, watu wenye malori mawili matatu? Wauzie ukaguzi kabla. Mtu analipa leo bei ya vipimo vitatu, anapewa vinne ndani ya mwaka, kwa kadi yenye namba na muhuri wako. Hiyo ni biashara halali ya huduma uliyolipwa mapema. Itolee risiti, na uende ofisi ya TRA uwaulize mapato hayo yaingie lini kwenye hesabu, kwa maana fedha ya aliyenunua kabla ni mauzo na haiwezi kuandikwa kama zawadi.

Fundi Gereji, Mbeya

Nashukuru sana mhasibu, umeniepusha na mengi. Nina daftari la wateja tangu 2016, na sikuwahi kulifikiria kama kitu cha thamani. Nianze na wangapi?

Karanga za Kongwa

Kaka, anza na wote waliorudi kwako zaidi ya mara mbili. Wapigie mwenyewe, usimwachie kijana wa gereji. Kama nusu yao hawataki hicho kipimo, umepata jibu bila kuingia gharama, na usifungue kampeni.

Kijana wa Programu, Dar es Salaam

Samahani wakubwa zangu. Mimi na wenzangu tumebuni kifaa cha sola cha kuchajia simu na kuwasha taa kwa wavuvi wa usiku. Lengo letu ni Kickstarter, kwa sababu soko la ndani halina uwezo wa kulipia utafiti. Naomba ushauri.

Mhasibu wa Arusha

Kijana wangu, jambo la kwanza ni la mlangoni. Kickstarter inapokea waanzishaji wa miradi kutoka orodha ya nchi maalumu, na Tanzania haimo, wala Kenya. Wachangiaji wanaweza kuwa popote, lakini mwenye mradi anatakiwa kuwa na makazi na akaunti ya benki katika nchi mojawapo ya hizo. Waliotoka kwetu wakafaulu walikuwa na mguu huko. Mfano mzuri ni BRCK, kifaa cha intaneti kilichobuniwa Nairobi na watu wa Ushahidi, shirika la teknolojia la Kenya. Mwaka 2013 waliomba dola 125,000 wakapata zaidi ya 172,000, na wakati huo tayari walikuwa na jina lililojengwa tangu 2008 na marafiki wengi Marekani. Jukwaa lenyewe hukata asilimia 5, na mchakataji wa malipo hukata yake juu ya hapo.

Jambo la pili linafanana na lile la chupa za dada yetu. Kulikuwa na sanduku la barafu la Kimarekani lililoitwa Coolest Cooler. Mwishoni mwa mwaka 2013 liliombewa dola 125,000 likaishia takribani 102,000, na kwa kuwa ni yote au hakuna, halikupata kitu. Mwanzilishi alirudi Julai 2014, majira ya joto, wakati watu wanafikiria ufukweni, akaomba 50,000 tu, na akamaliza na zaidi ya dola milioni 13 kutoka kwa watu zaidi ya 62,000. Ungesema amefika. Lakini kutengeneza sanduku moja kuligharimu zaidi ya alichowatoza wengi wao, na kila aliyeongezeka akaongeza hasara. Kampuni ilifungwa Desemba 2019 na wachangiaji wapatao 20,000 hawakupata masanduku yao. Kabla hujaandika hata mstari mmoja wa kampeni, nionyeshe gharama ya kifaa chako kimoja kikiwa mikononi mwa mteja, pamoja na ushuru na kile kitakachorudishwa kikiwa kibovu.

Kijana wa Programu, Dar es Salaam

Nimeelewa. Ya betri na kasha tunayo, ya usafiri na ushuru hatuna. Swali langu kwa mama mwenye uzi: baada ya kupata fedha, kila kitu kilikwenda kama kilivyopangwa?

Karanga za Kongwa

Hapana mwanangu, na afadhali umeuliza. Mashine ilifika siku niliyoahidiwa. Fundi akaishusha, akafungua kifuniko cha mota, akaniuliza nyumba ina umeme wa fezi ngapi. Nyumba yangu ina fezi moja, na mota ilikuwa ya fezi tatu. Ile bei yenye muhuri niliyokuwa nikiwaonyesha watu kwa fahari ilikuwa imeandikwa hivyo kwenye mstari wa tatu, na niliusoma mara nyingi bila kujua una maana gani. Kubadilisha mota kuligharimu shilingi 380,000. Ziada yangu ya kampeni, baada ya kutoa gharama za siagi ya wale waliozidi idadi niliyohitaji, ilikuwa 190,000, nusu tu ya kilichohitajika. Nusu nyingine nilikopa kwenye kikoba. Tulichelewa wiki tano.

Niliwaandikia watu wote 231 jioni ile ile, kabla sijajua ufumbuzi utapatikana wapi. Niliweka picha ya kibati cha mota, nikaeleza kosa ni langu, na nikasema anayetaka fedha yake arudishiwe. Waliotaka walikuwa wanne, na nilirudisha ndani ya siku mbili. Profesa mmoja wa Pennsylvania, Ethan Mollick, alichunguza miradi ya Kickstarter akakuta zaidi ya robo tatu ya bidhaa zilizoahidiwa zilichelewa, na baadaye akakuta takribani asilimia 9 ya miradi haikutoa kabisa kilichoahidiwa. Saa ya Pebble, iliyokusanya zaidi ya dola milioni 10 mwaka 2012, iliahidiwa Septemba ikaanza kutumwa Januari. Kwa hiyo kuchelewa kupo, na ni bora ukutangaze mwenyewe kabla hujaulizwa.

Tatizo jingine lilikuwa la Mwanza. Siagi isiyotiwa kitu cha kuizuia hutenganisha mafuta, na ndani ya buti la basi kuna joto. Katoni ilipofunguliwa, chupa saba kati ya 24 zilikuwa zimevuja, lebo zimelowa na kung'oka. Vifuniko vilikuwa havina sili ya ndani. Nilituma saba nyingine, na tangu siku hiyo kila chupa inawekewa sili ya karatasi ya bati, inayogharimu shilingi 60. Hapa kwetu Kongwa tunakumbuka mradi mkubwa wa karanga ambao serikali ya Waingereza iliuanzisha mwaka 1947 na kuuacha mwaka 1951, baada ya kuleta matrekta kabla ya kuujua udongo na mvua za hapa. Wazee wetu waliyaona matrekta hayo. Nami, kwa kipimo changu kidogo, nilileta mota kabla ya kuujua umeme wa nyumbani kwangu.

Harambee wa Nakuru

Dada, nimalizie kwa swali dogo la mweka hazina. Wote walipokea?

Karanga za Kongwa

Bado watu sita, kaka. Wawili wamebadilisha namba za simu, watatu hawapokei, na mmoja aliniambia niile mwenyewe. Za huyo nimempelekea jirani yake. Chupa 9 zilizobaki za hao watano zimo kwenye rafu karibu na mlango wa jikoni, kila moja ina jina la mwenyewe kwa kalamu nyeusi. Muda wake wa kutumika unaisha mwezi wa tatu. Ukifika kabla hawajapatikana, nitazibadilisha kwa za kusagwa wiki hiyo, nitayahamisha majina, na Ijumaa nitawapigia tena.